Moshi Mweusi Si Sifa ya Fayamani

Katika safu hii nimekwisha kuandika habari za kupiga picha za arusi, za watoto wa shule, na za mahindi shambani. Wengi wenu mmeniuliza juu ya picha za magari ya moshi milimani, hasa zile za zamani zenye injini za mvuke, nami niliahidi kueleza. Makala niliianza, nikafika nusu. Kisha jirani yangu mmoja hapa Kaloleni akaja nyumbani kwangu jioni, na alipoondoka niliona ya kuwa nusu ile yafaa kuchanwa.

Mzee huyu ana miaka 80 na ushei. Aliajiriwa na reli mwaka 1964, akawa fayamani, yaani mtunza moto wa injini, mpaka injini za mvuke zilipoondolewa njiani yapata mwaka 1980. (Neno mchochezi lingefaa kwa maana yake ya asili, lakini siku hizi ukimwita mtu mchochezi watu hudhani anatafutwa na polisi.) Alikuwa amekuja nimjazie fomu ya pensheni, maana mtaani petu karani hata akivua koti la ofisi hubaki karani. Jicho lake la kushoto limefunikwa na mtoto wa jicho, na la kulia linaanza. Basi alipoinuka kwenda zake alisimama mbele ya picha kubwa niliyoitundika sebuleni, akaisogelea hata pua yake ikakaribia kugusa kioo.

Picha hiyo ni nakala ya ile iliyopigwa na mgeni mmoja mpenda reli katika miaka ya 1970. Injini yapanda kutoka Bonde la Ufa, mlima Longonot uko nyuma yake, na juu ya dohani umesimama moshi mweusi mrefu kama mnazi. Nimeipenda miaka mingi kwa sababu ya moshi ule, na kurasa nilizokuwa nimeandika zilikuwa zikiusifu.

"Karani," mzee akaniuliza, "hapa moto ulikuwa mkononi mwa nani?"

Nikamwambia sijui, hakuna jina lililoandikwa.

"Afadhali," akasema. "Maana angeona haya."

Nikamrudisha kitini, nikamwomba mke wangu aongeze maji ya chai.

Alinieleza hivi. Wakati wake injini zetu hazikuchoma kuni wala makaa. Zilichoma mafuta mazito. Fayamani hakushika sepetu, alishika vali. Akifungua mafuta mengi kuliko hewa inayoingia tanurini, mafuta hayaungui yote, nayo hutoka dohanini yakiwa masizi. Huo ndio moshi mweusi. Ni mafuta yaliyolipiwa yanapeperushwa bure, na masizi mengine huganda katika mirija ya boila, joto lisipite vizuri kwenda kwenye maji. Akibana mafuta kupita kiasi, moto hupoa, kipimo cha mvuke hushuka, na gari laweza kusimama kilimani na abiria wake. Kazi yake ilikuwa kukaa kati ya mambo hayo mawili, jicho moja kwenye kipimo na jingine kwenye dohani, na kila dereva alipoongeza au kupunguza mvuke, yeye alipaswa kugeuza vali yake papo hapo bila kuambiwa. Alama ya fayamani hodari ilikuwa ukungu mwepesi wa kijivu juu ya dohani, ambao mtu aliye mbali hauoni kabisa.

"Sisi tulisifiwa kwa moshi usioonekana," akasema.

Nilijaribu kuitetea picha yangu. Nikamwuliza kama hapakuwa hata siku moja ambapo moshi mweusi ulikuwa halali. Akafikiri, akacheka. Palikuwapo. Kila baada ya mwendo fulani fayamani huchota mchanga mkavu, akautia katika tundu la mlango wa tanuri. Mvuto wa moto huunyakua mchanga ule na kuupitisha mirijani kwa kasi, ukakwangua masizi, yakatoka yote kwa pamoja kama usiku ulioanguka mchana. Jambo hilo lilifanywa mahali pasipo na stesheni, wala nyumba za watu wenye nguo kambani.

"Basi labda huyu alikuwa akitia mchanga," nikasema.

"Labda," akajibu mzee. "Au labda aliiona kamera. Wale wageni walikuwa wakitupungia mikono tuwatolee moshi."

Tangu usiku huo sijaweza kuitazama picha ile kama zamani.

Sasa niseme machache juu ya njia yenyewe, kwa sababu picha ya gari mlimani haieleweki na mtu asiyejua mlima. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita 1, ni nyembamba kuliko ile mpya iliyofunguliwa kutoka Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017, ambayo upana wake ni milimita 1,435. Ujenzi wa ile ya zamani ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899, na pwani ya Ziwa Viktoria mwaka 1901. Kutoka Nairobi, iliyo karibu futi 5,500 juu ya bahari, njia hupanda Limuru kupita futi 7,000, kisha huteremka ukingo wa Bonde la Ufa. Ukingo huo uliwatoa jasho wajenzi. Kabla ya njia ya kudumu kukamilika, mabehewa yaliteremshwa kwa kamba za chuma. Mbele zaidi, kwenye njia ya Eldoret iliyojengwa katika miaka ya 1920, reli hufika futi 9,136 karibu na Timboroa. Huko India wenyeji wa Darjeeling husifu stesheni yao ya Ghum, iliyo futi 7,407, na watu husafiri kutoka pembe zote za dunia kwenda kuipiga picha. Wakulima wa Timboroa wanaonisoma na watabasamu.

Injini iliyofaa milima hii ilikuwa Garratt, iliyobuniwa na Mwingereza Herbert William Garratt na kujengwa Manchester katika kiwanda cha Beyer, Peacock. Mfikirie punda wawili wanaobeba mzigo mmoja juu ya mti, mmoja mbele na mmoja nyuma. Boila ndiyo mzigo, imelazwa katikati, na chini ya kila mwisho kuna fungu lake la magurudumu na pistoni linaloweza kugeuka peke yake. Kwa hiyo injini ndefu hupinda katika kona, na uzito wake hugawanyika juu ya reli. Mwaka 1955 na 1956 zililetwa 34 za aina ya 59, kila moja ikiwa na uzito wa tani 252 na urefu wa zaidi ya futi 100. Zinahesabiwa kuwa injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote zilizopata kutembea juu ya reli ya mita 1, na kazi yao kubwa ilikuwa kati ya Mombasa na Nairobi. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Rangi yao ilikuwa nyekundu iliyoiva kama divai, ingawa katika picha zisizo na rangi huonekana nyeusi tu.

Kwa mpiga picha, yafaa kujua ya kuwa Garratt hupendeza ukiwa ndani ya kona. Ukisimama nje ya kona, au ukiipiga ubavu ikiwa katika njia iliyonyooka, utapata pipa refu lenye magurudumu. Ndani ya kona utaona matangi ya mbele yamegeukia upande huu, boila imeshika njia yake, na mkia unafuata. Nimelinganisha picha nyingi, na zile zilizo bora karibu zote zimepigwa hivyo.

Ukingo wa Bonde la Ufa una hila yake. Sehemu hiyo yatazama magharibi. Asubuhi mlima Longonot huwa umepata jua, lakini reli iliyo chini ya miguu yako imo kivulini. Alasiri reli hung'aa, bali Longonot imekaa upande wa jua, nayo hugeuka kuwa kivuli cha samawati. Hakuna saa itakayokupa vyote viwili kwa wingi, na mtu akikuonyesha picha yenye vyote, mwulize ameichora wapi. Saa sita mchana usijisumbue: jua letu la ikweta husimama utosini, na magurudumu yote hupotea gizani.

Na mnaotaka kitu cha kupendeza juu ya dohani, msikitafute katika moshi, kitafuteni katika mvuke. Mvuke uliokwisha kufanya kazi ndani ya pistoni hutoka dohanini, na hewa ikiwa baridi huganda kuwa wingu jeupe. Ndiyo maana injini ile ile iliyoondoka Mombasa katika joto bila hata utaji, ikifika Limuru asubuhi ya Julai ilikuwa imevaa kilemba. Wingu hilo halimwaibishi mtu.

Narudi kwa mzee, maana nilipokwisha kuandika hayo niliona bado sijasema lililo zito. Nilimwuliza kama anayo picha yake mwenyewe akiwa kazini. Hana. Miaka 16 juu ya injini, na hana hata moja. Kamera haikuwa kitu cha fayamani. Picha alizonazo ni ya kipande chake cha kazi, ndogo kama stempu, na ya arusi. Wajukuu wake wanajua tu ya kuwa babu alikuwa "mtu wa reli", nao hudhani alikuwa akikata tiketi.

Lakini alipigwa picha. Siku moja katika miaka ya 1970, gari lao lilisimama Kijabe kungoja jingine lipite. Mgeni mmoja mwenye kamera mbili shingoni alikuja akiwakimbilia, akampiga dereva, akampiga na yeye akiwa ameegemea dirishani, karibu hata akamwona akipangusa kioo cha kamera kwa shati. Akatoa daftari, akaandika majina yao na sanduku la posta, akaahidi kuzituma. Mzee alikwenda posta kila Jumamosi kwa muda wa miezi mingi.

"Haikuja," akasema. "Huenda ilipotea njiani. Huenda alikufa. Simlaumu."

Mimi nikakaa nikifikiri. Mahali fulani Ulaya, katika albamu ya mtu au sandukuni darini, pengine imo picha ya kijana wa Kaloleni mwenye macho mazima, na chini yake imeandikwa namba ya injini, tarehe, na jina la stesheni. Najua desturi hiyo kwa sababu nimeviona vitabu vyao. Namba ya injini haikosekani hata mara moja. Jina la mlima huandikwa. Aliyekuwa dirishani ni Mwafrika dirishani. Tena nisiwatupie wageni peke yao lawama. Mimi mwenyewe niliitundika ile picha sebuleni miaka 6 bila kujiuliza nani alikuwa ndani.

Jumamosi iliyofuata nikamchukua mzee tukaenda kwenye Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni kuu ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Huko imewekwa Garratt namba 5918, iliyopewa jina la mlima Gelai ulio kaskazini mwa Tanzania karibu na Ziwa Natron. Iko na ndugu yake 5930, yenye jina la Shengena, mlima wa Upare. Ile 5918 iliwashwa moto tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikavuta mabehewa ya watalii, kisha ikarudi kupumzika. Mzee alikuwa ameifanyia kazi kwenye njia ya Mombasa. Aliizunguka kimya, akipapasa vyuma kwa kiganja, na alipofika ngazi ya chumba cha dereva alishika mkono wa chuma bila kuutafuta. Jicho halikuhitajika. Kwa ruhusa ya mlinzi akapanda, polepole, nami nikiwa chini nimeinua mikono kama mtu anayengoja embe lianguke.

Hapo nikafanya kosa ambalo nawaomba msilifanye. Ilikuwa saa saba. Boila ilikuwa ikiwaka jua, na chumba cha dereva kilikuwa giza. Kamera ikaamini jua. Nikapiga picha 30 hivi, nikafurahi, na nyumbani jioni nikakuta injini nzuri mno, kila ribiti yaonekana, na dirishani shimo jeusi lenye kofia. Nilikuwa nimefanya yale yale niliyokuwa nikiyalalamikia.

Tukarudi Jumamosi ya pili, safari hii saa tisa na nusu. Nilimwomba ajiegemeze nje ya dirisha, kiwiko juu ya chuma, kama alivyokuwa akifanya stesheni. Kisha nikachukua gazeti, nikalifungua kurasa mbili, nikampa mtoto wa shule aliyekuwa akitembea pale na wenzake, nikamwambia alishike kifuani huku ameuelekeza uso wa karatasi kwenye jua na kwa babu. Karatasi nyeupe hurudisha mwanga laini, na gharama yake ni bei ya gazeti. Uso wa mzee ukatoka gizani, kila kunyanzi mahali pake. Nikapiga picha 5 tu.

"Umeishika namba?" akauliza kutoka juu.

Nikamwambia nimeishika, lakini kwanza nimekushika wewe.

Alitaka pia kwenda Kijabe. Tulikwenda kwa matatu, tukashuka, tukatembea hata kwenye reli. Husemekana jina la mahali hapo latokana na neno la Kimaasai la upepo, nami sibishi, maana kofia yangu ilichukuliwa mara mbili. Mzee akanionyesha waliposimama siku ile, na alikotokea yule mgeni akikimbia. Tukakaa juu ya jiwe saa tatu. Hakuna gari lililopita. Longonot ilikuwa imezama katika ukungu, nilichopiga ni reli mbili, majani, na mgongo wa mzee. Nikamweleza kwamba katika nchi ya Eritrea ile njia ya milimani kutoka Massawa hadi Asmara, yenye upana wa milimita 950, iliyokuwa imeng'olewa wakati wa vita, ilijengwa upya, ikafika Asmara tena mwaka 2003, na waliofanya kazi hiyo walikuwa wazee wa reli walioitwa kutoka katika kustaafu kwao, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua namna ya kuzifufua injini.

"Wangetuita," akasema. Kisha baada ya kitambo, "Wangetuita zamani kidogo."

Picha ya 5918 nimeichapisha kubwa, inchi 20 kwa 24, kwa sababu ya lile jicho. Ilinigharimu zaidi ya nilivyomwambia mke wangu. Jioni nilipompelekea, binti yake na wajukuu walikuwapo; siku ya upasuaji wa jicho ilikuwa imekwisha kupangwa, na wote walikuwa wakizungumza kwa sauti ya chini kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Mzee aliisimamisha picha dirishani penye mwanga, akaisogelea, akaanza kushoto kwenye tangi, akaja polepole, dohani, boila, mpaka akajifikia. Mjukuu mdogo akauliza huyo ni nani. Hakuna aliyemjibu, alisogea mwenyewe akatazama uso wa picha, akatazama wa babu.

Kisha mzee akaigeuza picha, akaniambia nitoe kalamu. Nikaandika namba ya injini, mahali, tarehe, na jina lake kamili. Akaniambia niandike na jina la dereva wake, Singasinga mmoja aliyefanya naye kazi miaka 7 na ambaye amekwisha kufariki, ingawa hakuwapo pale makumbusho. Nikauliza ataandikwaje katika picha asiyokuwamo. Akasema yumo upande wa pili wa injini, mimi ndiye niliyesimama pasipoonekana. Nikaandika. Akataka nimsomee yote, nikamsomea, na nilipofika kwenye jina lake, ambapo kwa heshima nilikuwa nimeongeza "dereva mstaafu", akanikatiza.

"Futa, karani. Dereva ni yeye. Mimi ni fayamani."